Saa Nane Mchana, Tanuri Limezimwa

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi chako cha asubuhi kitakupa nafasi ya kuisoma bila kukukatiza. Mimi sijambo. Mwambie Mama kwamba dawa ya goti nimeituma kwa posta; ajipake asubuhi na jioni, asiihifadhi kabatini kana kwamba anawawekea wageni. Mkaza Mjomba msalimie sana, na umwambie vitambaa alivyonifumia vimeipamba meza yangu ya kazi hadi wenzangu wanadhani nimeolewa.

Baada ya salamu, naomba kukujulisha jambo ambalo, kwa unyenyekevu wote, naliona kuwa heshima kwa ukoo wetu. Maabara imenikabidhi mimi, mwajiriwa wa muda mwenye miezi saba tu kazini, uchunguzi wa hewa ya bonde lenu. Unajua kwamba katika shule ya msingi ya huko chini, watoto thelathini na mmoja kati ya hamsini waliopimwa wamekutwa na madini ya risasi kwenye damu. Tume imeundwa, na inataka kujua kabla ya mwisho wa Juni risasi hiyo inatoka wapi. Wanaoshukiwa ni wawili: kiwanda chenu kinachoyeyusha betri chakavu za magari, na machomeo ya tofali yaliyo mita mia sita kutoka kwenye ukuta wenu. Atakayeonekana kuwa ndiye chanzo atafungiwa. Nami nikiifanya kazi hii ipasavyo, nitaajiriwa moja kwa moja.

Njia yangu ni hii. Juu ya paa la shule na la zahanati tumeweka vipimahewa vyenye vichujio vinavyonasa vumbi. Kompyuta hulichukua vumbi hilo na kuurudisha upepo nyuma, saa baada ya saa, mpaka ifike lilikotoka. Lakini kwa kuwa vyanzo vyote viwili viko upande mmoja wa upepo, kompyuta inahitaji pia kujua nani aliwasha moto saa ngapi. Ndipo kiwanda kilipotuletea kumbukumbu za zamu za tanuri, na ndipo nilipouona mwandiko wako! Niliutambua kabla sijasoma neno. Mjomba, kila taarifa tunayoiingiza kwenye modeli, yaani hesabu hiyo ya kompyuta, hupewa uzito wa kuaminiwa, kuanzia sifuri hadi moja. Karatasi za viwanda kwa desturi hupewa nusu. Zako nimezipa tisa ya kumi. Sikumweleza mtu sababu, nisije nikaonekana najivunia ndugu.

Ukipata wasaa, niandikie lolote kuhusu tanuri ambalo mtu wa vitabu kama mimi hawezi kulijua. Najua simu zenu hukaa getini, na najua usivyopenda jambo la maana lisemwe simuni.

Wako mtiifu,
Mpwa wako, Mtafiti


24 Machi

Profesa mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa viatu, maana nilihisi nimeitwa mahakamani. Huo "unyenyekevu wote" umeutoa wapi? Katika ukoo wetu haumo. Mama yako dawa ameipata na ameificha. Nikamwuliza kwa nini, akasema, "Goti haliumi sana, likizidi nitapaka." Nikamwambia, "Dada, unangoja goti likuandikie barua?" Akanirushia kandambili, kwa hiyo mkono wake hauna tatizo lolote. Mkaza Mjomba wako anauliza huyo mume wa vitambaa ni nani, na je, anajua kufua?

Bati la jikoni lilitoboka, nimeliziba. Kikohozi kipo, tumezoeana.

Kuhusu tanuri, mimi ni mtu wa koleo na kofia ngumu. Linawashwa, linazimwa, msimamizi wa zamu anaandika. Msimamizi ndiye mimi. Hakuna elimu ya kitabuni humo.

Ila nina swali la mjinga. Hiyo kompyuta yako ikiletewa karatasi iliyokosewa, inajua? Au inakula chochote inacholetewa, kama mbuzi? Nauliza tu.

Kula vizuri. Usikonde kwa ajili ya serikali.

Mjomba wako


9 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua yako, ambayo niliisoma kwa kicheko kilichowafanya wenzangu wageuke. Mwambie Mkaza Mjomba kwamba mume wa vitambaa bado hajajitokeza, na akijitokeza atapimwa kwanza. Hapa sote wazima, ingawa chumba changu kimevamiwa na mchwa nami nimehamishia vitabu kitandani.

Swali lako si la mjinga hata kidogo. Ndilo kiini cha taaluma yenyewe. Karatasi yenye uzito mdogo, modeli huilinganisha na upepo na vumbi, na yasipopatana huitilia shaka. Karatasi yenye uzito mkubwa huitii, kisha hutafuta mkosaji mahali pengine. Zako, kwa hiyo, ziko salama.

Na sasa habari kubwa. Tumepata jibu! Tangu Desemba kuna alasiri kumi na nne ambazo risasi ilipanda shuleni kupita kiasi. Kwa siku kumi na moja kati ya hizo, mwandiko wako unasema: "Saa nane mchana, tanuri limezimwa, mifuko ya kuchujia moshi inasafishwa." Tanuri lililozimwa halitoi moshi. Modeli imewaangukia wachoma tofali, ambao inajulikana huwashia moto oyili chafu na mbao zenye rangi. Kimebaki kidoa kimoja. Kwenye vichujio kuna antimoni, madini yanayochanganywa na risasi ya betri. Mkuu wa maabara aliniuliza imefikaje huko. Nilimjibu kwamba huenda wachoma tofali huchochea moto kwa makasha ya betri yaliyotupwa. Akaitikia kwa kichwa, akasema mbele ya wote, "Huyu ana akili ya kutafuta." Mjomba, sikulala kwa furaha.

Rasimu imekwenda kwenye tume. Taarifa kamili nitaisoma mwenyewe tarehe ishirini Juni, na ikipokelewa, familia mia moja na kumi na mbili za machomeo zitaondolewa bondeni ifikapo Julai mosi. Ni jambo gumu, lakini watoto wale ni wagonjwa.

Naomba kitu kidogo, cha utaratibu tu. Niandikie mstari mmoja kuthibitisha kwamba neno "limezimwa" katika karatasi zako lina maana ya moto kuzimwa kabisa. Nitauambatisha.

Wako mtiifu,
Mpwa wako, Mtafiti


14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimehesabu wiki tano bila jibu. Mama amenitumia salamu kwa mdomo wa dereva wa malori: eti wote hawajambo, na wewe "una kazi nyingi". Hajawahi kunitumia salamu fupi namna hiyo. Natumaini kikohozi hakijakuangusha. Natumaini ni kikohozi tu.

Sina budi kukiri kwamba nilikuwa bondeni Jumanne iliyopita. Nilikuja na gari la maabara kuchukua sampuli za majivu, nikasimama mahali ambapo naliona paa la nyumba yenu, na kiraka kipya cha bati la jikoni kikimetameta. Sikubisha hodi. Nilijiambia ni kwa sababu ya muda.

Pale machomeoni alinipokea mwanamke anayewaongoza, wanayemwita Mama Tofali, mikono yake myeupe kwa udongo mkavu.

"Wewe ndiye msichana wa mashine?"

"Ndiye mimi, mama."

"Haya. Mashine yako imetuona lini?"

Nikamsomea tarehe. Nilipofika kwenye zile siku tano za Februari, kumi na mbili hadi kumi na sita, akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Rudia hizo."

Nikarudia.

"Mwanangu, wiki hiyo mvua ilikuwa inapiga kila asubuhi. Tofali zote zililowa, zikarudi kuwa tope. Hapa hapakuwa na moto hata wa kuchemshia chai. Kawaulize zahanati, walikuja kuazima majembe yetu wazibue mtaro."

Kijana mmoja wa kazi akadakia kutoka kwenye lundo, "Labda mashine iliona jua, ikadhani ni sisi!" Wakacheka wote. Mama Tofali hakucheka. Akaniuliza, "Ukishatuondoa, na watoto wakiendelea kuumwa, utarudi kutwambia?"

Zahanati nilikwenda. Wanaikumbuka wiki hiyo, na majembe yameandikwa kwenye daftari lao la stoo.

Kwa hiyo, Mjomba, katika alasiri tano kavu zilizofuata mvua za asubuhi, machomeo hayakuwa na moto, na tanuri lenu, kwa mwandiko wako, halikuwa na moto. Na risasi ilifika shuleni siku zote tano. Mkuu wa maabara sijamwambia. Nimejiambia kwamba nangoja jibu lako la utaratibu.

Sikuulizi kama mtafiti. Nijibu.

Mpwa wako


27 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sote wazima. Mama yako sasa anapaka dawa, bila kulazimishwa. Anakaa barazani alasiri na kutazama barabara. Alikuona ukiwa kwenye gari la serikali. Hakuniambia siku ile, aliniambia jana.

Mimi nimebakiza mwaka mmoja na miezi minne kustaafu. Zamu yangu ina watu arobaini na watatu. Wengine nimewafundisha mimi kushika koleo, na wana watoto katika shule hiyo hiyo.

Sitaandika ule mstari ulioomba.

Fanya hivi. Endesha hesabu yako bila karatasi zangu. Ziondoe zote, uiache kompyuta na upepo wake na vumbi lake. Halafu tazama itakakokwenda.

Barua hii uichome.

Mjomba wako


6 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Msalimie Mama. Mwambie kwamba nilifanya vibaya kupita bila kubisha hodi, na kwamba nitamwomba radhi nikiwa nimesimama mbele yake, si kwa karatasi.

Barua yako sikuichoma. Ipo kwenye droo yangu, na ufunguo ninao shingoni.

Nilifanya ulivyosema. Niliondoa kumbukumbu zote za zamu. Kompyuta ilichukua saa sita. Nilikaa mbele yake nikiwa sijala, nikimwomba Mungu jibu lisibadilike. Likabadilika. Kitone chekundu kwenye ramani kilihama mita mia sita, kikapita juu ya ukuta wenu, kikatua kwenye bomba la moshi la tanuri. Kisha kila kitu kikapatana chenyewe. Zahanati iko karibu zaidi na machomeo kuliko shule, na moshi wa machomeo hutambaa chini; kama ungekuwa wao, zahanati ingeupata kwanza na kwa wingi. Lakini zahanati ilipata risasi kidogo, shule ikapata nyingi. Ni moshi uliotoka juu, ukavuka vichwa vya wagonjwa, ukashukia watoto. Hilo lilikuwemo kwenye vichujio tangu Desemba. Antimoni pia ilikuwemo. Vyote vilikuwa vikisema jambo moja, nami niliwanyamazisha mashahidi hao kwa tisa ya kumi niliyokupa.

Nimemwendea mkuu wa maabara na ramani mpya. Akaitazama, akasema, "Nzuri. Sababu ya kuzikataa karatasi za kiwanda ni ipi?" Nikamweleza kuhusu majembe. Akasema, "Majembe yanawasafisha wachoma tofali kwa siku tano. Hayasemi kwamba tanuri liliwaka. Huwezi kuutupa ushahidi kwa sababu umeacha kuupenda. Niletee sababu, au tarehe ishirini usome rasimu ilivyo."

Nitakuwa mkweli kwako, kwa kuwa sasa mmoja wetu lazima aanze. Kwa siku mbili nilifikiria kuisoma rasimu ilivyo. Nilijihesabia faida zake: kazi ya kudumu, wewe kustaafu kwa heshima, watu arobaini na watatu kuendelea na zamu zao. Siku ya tatu nilijikuta nimekaa na orodha ya majina ya wale watoto, na sikuweza kuifunika.

Sababu ninayo, imeandikwa kwa mkono wako. Nikiiweka mezani bila ridhaa yako, nitakuwa nimekukamata mimi. Nakuomba uiseme wewe. Nangoja hadi tarehe kumi na nane. Baada ya hapo nitafungua droo.

Mpwa wako


15 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumatano, nami nilikuwa nimeketi kuijibu kabla haijafika. Mkaza Mjomba wako amesoma zote, zako na zangu. Amenipa kiti, kalamu na chai, akafunga mlango kwa nje. Ni utani, lakini si sana.

Ilikuwa hivi. Moshi wa tanuri hupita kwenye mifuko mirefu ya kitambaa, inayonasa unga wa risasi. Mifuko ikijaa, tanuri halivuti pumzi. Unapaswa kulizima, uisafishe mifuko au uibadilishe, siku nzima inapotea. Mwaka juzi mifuko mipya ilikoma kuja. Injinia wa kiwanda akanionyesha mlango wa pembeni kwenye bomba. Ukiufungua, moshi unaikwepa mifuko na kwenda juu moja kwa moja. Akasema, "Saa tatu tu, mchana, upepo ni mkali, utapotea." Nikamwuliza, "Na kwenye karatasi niandike nini?" Akasema, "Andika limezimwa. Wakaguzi huja asubuhi."

Mara ya kwanza nilibishana naye. Mara ya pili nilimtazama tu. Kufikia mara ya tano nilikuwa naandika kabla sijaufungua mlango, ili mkono uwe umemaliza.

Ulipoandika kwamba umezipa karatasi zangu tisa ya kumi, nilitaka kukuambia siku ile ile. Nikaandika kuhusu mbuzi. Ulipotaka ule mstari, niliuandika. Kweli, niliuandika wote, nikautia kwenye bahasha. Ulikaa mfukoni mwa ovaroli wiki mbili hadi jasho likaufuta.

Sasa sikia, maana hili hulijui. Wakili wa kiwanda ameniita. Anataka niende mbele ya tume tarehe ishirini, nizithibitishe karatasi. Amesikia una ramani nyingine. Ananiambia mambo mawili: nikisema ni za kweli, nastaafu na hafla. Nikisema vingine, nitakuwa nimeghushi mimi, na injinia hakuwahi kuniambia neno. Hakuna aliyesikia, ni kweli. Tanuri lina kelele.

Wewe usiifungue droo. Soma ramani mpya uliyonayo, sababu iache kwangu. Nitakuwa upande wa pili wa meza. Usinitazame, tafadhali, nisije nikasahau nilichokwenda kusema.

Mjomba wako


23 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Tumekatazwa kuonana mpaka maelezo yako, huko tume ilikokuweka, yakamilike. Barua hii imesomwa na mwanasheria wa tume kabla ya kukufikia, nami nimeruhusiwa kukueleza yaliyosemwa hadharani pekee. Mama na Mkaza Mjomba wazima. Nalala kwao tangu juzi. Mama amenipokea. Yeye na mimi tumezungumza tulichozungumza.

Uliongozwa kutoka ukumbini mara tu baada ya kujibu, kwa hiyo hujui yaliyofuata. Wakili alipokuuliza, "Mwandiko huu ni wako, na saa hizi ni za kweli?" nawe ukajibu, "Ni wangu, na saa ni za kweli. Moto ndio haukuzimwa," injinia alisimama na kuketi mara mbili. Wakili akakuita mwongo. Mwenyekiti akamwambia, "Ndicho alichokuja kutueleza, wakili. Tumemsikia." Wewe ulikuwa umeshafika mlangoni.

Tume imeamua hivi. Tanuri limefungwa kwa lakiri hadi mifuko mipya itakapowekwa na kipimahewa kukaa kwenye bomba lenyewe. Wachoma tofali wanabaki, kwa sharti la kuacha oyili chafu. Mama Tofali alikuwa kiti cha nyuma. Alipotoka alinipita bila kunisalimu, kisha akarudi, akasema, "Tutakuja wote kutoa ushahidi wa mvua, mzee akifunguliwa kesi." Injinia ameitwa kuhojiwa leo. Vijana wawili wa zamu yako wamejiandikisha wenyewe kuwa mashahidi. Wanasema mlango wa pembeni waliufungua wao pia, kwa zamu.

Sasa upande wangu. Baada ya ramani mpya kupokelewa, ambayo mkuu wa maabara alikubali niisome nilipomwambia kwamba shahidi wa kiwanda ataleta sababu, nilidhani nimemaliza, nikaanza kukusanya karatasi. Mwenyekiti akaniambia, "Kaa. Rasimu yako ya kwanza ingeziondoa familia mia moja na kumi na mbili. Kumbukumbu za kiwanda zilipewa uzito wa tisa ya kumi. Nani aliupanga?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Wenzako hutoa nusu. Ulijua nini kuhusu karatasi hizo ambacho wao hawakukijua?"

"Nilimjua aliyeziandika. Ni mjomba wangu."

Ukumbi ulipiga kelele. Mkuu wa maabara aliinamisha kichwa. Alikuwa hajui, kwa kuwa sikuwahi kumwambia. Kwa kosa hilo nimeondolewa kazini, na sina la kulalamikia.

Mwenyekiti akangoja watulie. "Kwa hiyo msingi wa kitaalamu wa tisa ya kumi ulikuwa upi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwa siku ile, Mjomba.

"Haukuwapo, mheshimiwa," nikasema. "Nilimpenda."

Karani wa tume akainua kalamu, akamtazama mwenyekiti. "Niandike nini hapo?"

"Andika alivyosema."

Mpwa wako